Pampu Mpya Inaweza Kufa Kabla Haijavuka Jangwani

Leo sizungumzii mbegu wala viwavi. Nazungumzia injini mpya, na ninaanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu uliopita kijana mmoja ninayemhudumia huku bonde la Ruvu alinipigia simu asubuhi na mapema.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba. Nyanya zinaendeleaje?"

Akanyamaza kidogo. "Nyanya ziko poa, mzee. Mashine ndiyo imekata."

Pampu yenyewe alikuwa ameinunua Kariakoo siku tisa tu kabla ya hapo. Ekari yake ya nyanya ndiyo kwanza inatoa maua, na mnajua nyanya ikiwa kwenye maua haitaki mchezo na maji. Ukiikatia maji, maua yanapukutika. Ukija kuirudishia kwa fujo, matunda yaliyobaki yanaoza kitako. Kijana akahangaika na ndoo, akakodi vibarua wawili, mwisho akaomba pampu ya jirani ambayo naye alikuwa anaihitaji. Aliokoa kama nusu ya shamba.

Fundi alipoifungua ile injini, silinda ilikuwa na mikwaruzo mirefu kama imepitishwa msumari. Ringi zimekwama. Chini kulikuwa na oili nyeusi kiasi cha kikombe cha kahawa, siyo zaidi. Nikamuuliza kijana, ulijaza oili lini? Akanishangaa. "Si waliweka dukani?"

Ni kweli waliweka. Waliweka oili kidogo ya kuiwashia, wakaijaribu pale pale kwenye kibaraza, resi juu kabisa, wapita njia wakageuka kuangalia. Naye moyoni akasema, hii ndiyo mashine. Akaifunga kwenye kiroba, akapanda gari, akafika nyumbani, akajaza petroli na kuipiga kazi kutwa nzima siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba injini nyingi ndogo zinasafirishwa bila oili, na kwamba ile ya dukani ni ya kuonjea tu.

Sasa kosa langu liko wapi? Nilipitia daftari ambalo huwa nampangia ratiba. Nafasi ya mche hadi mche, nimeandika. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia, nimeandika. Dawa ya ukungu na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ipo. Kuhusu pampu nimeandika neno moja tu: "Anunue." Mashine ndiyo ilikuwa gharama kubwa kuliko zote mwaka ule, na mimi mtaalamu wake nimeipa neno moja.

Ndiyo maana leo nasema wazi: mkulima anayenunua injini mpya bila kuizoesha anafuga hasara. Na sisi maafisa ugani tunaomwambia "nunua mashine" halafu tunanyamaza, tunamsaidia kuifuga.

Ndani ya injini mpya kuna nini

Vijana wengi wanaamini kitu kipya ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Kwa shati ni sawa. Kwa injini, hapana. Injini ikitoka kiwandani, vyuma vyake havijafahamiana. Ukuta wa silinda umeachiwa kwa makusudi mistari myembamba sana iliyokatizana, kazi yake ni kushika oili. Ringi za pistoni nazo bado hazijakaa sawasawa na ukuta huo. Katika saa za mwanzo ringi na ukuta vinasuguana taratibu mpaka vinalingana. Vikilingana vizuri, mgandamizo hauvuji na oili haipandi juu kuungua. Injini inakuwa na nguvu na inakunywa petroli kwa adabu.

Ukiibana mno mwanzoni, resi juu na mzigo mzito kwa muda mrefu, sehemu ambazo hazijalainika zinapata moto kupita kiasi. Oili inashindwa, chuma kinakula chuma. Hapo ndipo ile mikwaruzo inapozaliwa.

Lakini kuna kosa la pili, na hili linafanywa na watu waangalifu. Wanaiwasha mashine resi ya chini, bila mzigo, wanaiacha inguruma tangu asubuhi hadi jioni wakisema "acha ijizoeze." Nia nzuri, matokeo mabaya. Kinachozisukuma ringi zikaukamate ukuta ni nguvu ya mlipuko juu ya pistoni, na bila mzigo nguvu hiyo ni ndogo. Badala ya kulingana, oili inaungulia kwenye ukuta, ukuta unakuwa laini kama kioo, ringi zinateleza tu. Injini ya namna hiyo itakula oili na kutoa moshi wa bluu maisha yake yote, na mwenyewe atabaki akijiuliza kwani alikosea wapi.

Kwa hiyo ukweli uko katikati: ipe kazi, lakini kazi ya wastani, na uibadilishie mwendo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema mvunje, wala hawakusema mwache akauke.

Kelele za Kariakoo

Naijua Kariakoo. Ukishuka Msimbazi, ukikata mitaa ya ndani, kila mlango wa tatu kuna pampu zimepangwa, jenereta, mashine za kupulizia, na vijana wa duka wanakuita "bosi wangu, karibu, tukuwashie." Sina ugomvi nao. Wengi ni wachapakazi, na bei zao ndizo zinazotutoa huku mikoani na kutupeleka kule. Ila mtindo wa kuijaribu mashine kwa kelele naupinga, na nitaupinga hadi nistaafu.

Kwanza, resi ya juu bila mzigo kwenye injini ambayo haijawahi kuwaka ni adhabu. Haikuonyeshi nguvu ya mashine. Inakuonyesha sauti tu.

Pili, pampu ya maji haitakiwi kuwashwa kavu. Ndani yake kuna sili inayozuia maji yasipite kwenye shafti, na sili hiyo inapozwa na maji yale yale unayoyapampu. Ukiiwasha kavu inapata moto upesi na kuharibika. Ukifika shambani unakuta inavuja, unadhani umeuziwa feki. Kumbe uliiharibu wewe na muuzaji pale kwenye kibaraza, wote wawili mkiwa mnatabasamu.

Ukitaka kujaribu, sema hivi bila aibu: "Kaka, weka oili mpaka kipimo, jaza maji kwenye pampu, washa resi ya chini dakika moja, zima." Dakika hiyo inatosha kujua kama inawaka kwa urahisi, kama inavuja, kama ina sauti ya ajabu. Akikataa, hamia duka la pili, Kariakoo haina uhaba wa maduka. Kisha dai risiti na kitabu cha maelekezo. Kile kitabu ambacho wengi mnakiacha kwenye boksi ndicho mwalimu wa kwanza wa mashine yako. Kama maandishi yake yamekushinda, angalia michoro na namba, halafu niletee.

Saa 20 za kwanza

Chukua mfano wa Honda GX160, injini ambayo wengi wenu mnaijua, yenyewe au nakala zake. Maelekezo yake yanataka oili ya kwanza ibadilishwe baada ya mwezi mmoja au saa 20 za kazi, kitakachotangulia. Baada ya hapo ni kila miezi 6 au saa 100. Umeona tofauti? Ya kwanza inamwagwa mapema sana. Sababu ni kwamba vyuma vinaposuguana vinatoa unga mwembamba wa chuma, na unga huo unaogelea kwenye oili. Gari lina filta ya kuudaka. Injini ndogo kama hii haina filta. Oili inarushwarushwa tu na kijiko kilicho chini ya mkono wa pistoni. Ukiuacha unga humo, unakuwa msasa.

Na kwa kuwa oili inarushwa na kijiko, mashine ikae mahali tambarare. Ukiiegemeza kwenye ukingo wa mto, imelala upande, kijiko kinaweza kukosa oili hata kama umejaza ya kutosha.

Mimi sasa ratiba ninayowapa vijana wangu ni hii. Kabla ya kuwasha, oili mpya mpaka kwenye kipimo, pampu imejazwa maji, chujio limefungwa kwenye mpira wa kunyonyea. Iwashe, iache kwa dakika mbili tatu ipate joto, kisha anza kazi. Saa tano za mwanzo, fanya kazi kati ya nusu na robo tatu ya resi, na usikae mwendo mmoja. Kila dakika kumi panda kidogo, shuka kidogo. Fanya saa moja au mbili, zima, iache ipoe, rudia. Siku hizo mwagilia vitalu vya karibu na tambarare. Kile cha juu mlimani kisubiri. Kuanzia hapo ongeza taratibu mpaka saa 20 zitimie. Kisha imwage oili ikiwa ya moto ili itoke na uchafu wake, weka mpya, kaza bolti na nati zote, kwa sababu mtikisiko wa siku za mwanzo hulegeza. Sasa mashine ni yako. Itumikishe.

Andika saa zako. Kipande cha kalamu na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa stoo inatosha. Ukimwagilia saa nne kwa siku, saa 20 ni siku tano. Siku tano, jamani! Mnasubiri nyanya miezi mitatu, mtashindwaje kuisubiri injini siku tano?

"Injini za siku hizi hazihitaji hayo"

Hoja hii naipata kila nikiongea, na sitaki kuibeza. Mafundi wengine huko Gerezani wanasema injini za kisasa zinachongwa kwa usahihi mkubwa, hazihitaji kubembelezwa. Wapo hata wanaosema mashine mpya "ikomazwe" kwa kupigwa kazi tangu siku ya kwanza, ukiibembeleza itazoea uvivu.

Kuna ukweli ndani yake. Uchongaji umeboreka kweli, na kama nilivyosema, ringi zinahitaji mzigo. Lakini angalia watengenezaji wenyewe wanasema nini. Vitabu vya magari mapya ya Toyota, magari ya kisasa yenye filta na kompyuta, bado vinamwambia mwenye gari: kilomita 300 za kwanza usifunge breki ghafla. Kilomita 800 za kwanza usivute tela. Kilomita 1,000 za kwanza usikimbize sana, usikanyage mafuta kwa ghafla, usikae na gia ndogo muda mrefu, na usiende mwendo mmoja kwa kitambo kirefu. Kama aliyeitengeneza kwa usahihi wote huo bado anaomba subira, wewe mwenye injini ya bei nafuu isiyo na filta unapata wapi ujasiri?

Na huyo anayekwambia uikomaze, muulize swali moja: ikifa, nani analipa? Jibu unalijua.

Guta, pikipiki, na lile kirikuu la mtumba

Wengi wenu sasa mnapeleka mzigo sokoni wenyewe, na ni jambo jema. Hapa ndipo naona dhambi kubwa zaidi. Kijana anatoa guta jipya la injini dukani, siku hiyo hiyo anapakia matenga mpaka guta linainua pua, halafu anaingia kwenye foleni ya mjini jua la saa saba. Gia ya kwanza, resi juu, hewa ya kupoza hakuna. Injini ambayo haina hata kilomita 50 inapikwa kama maharage.

Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walibebeshwa mizigo mizito kwa mwendo mrefu, na wengi sana hawakurudi makwao. Kila nikipita pale na kuona guta jipya limeinamishwa na mzigo, nakumbuka jina hilo.

Pikipiki na guta jipya, fuata kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu chake kabla ya huduma ya kwanza, na kilomita 500 za mwanzo usivute moto hadi mwisho wala kupakia mzigo kamili. Nusu mzigo, safari mbili. Safari za mwanzo zifanye alfajiri, kabla foleni haijashika. Breki na matairi mapya navyo vinahitaji kuzoea, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha mbele yako.

Najua pia wengi hamtanunua gari jipya la duka. Magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani, na injini yake ilishazoea huko huko. Lakini siku fundi akiifungua injini ya kirikuu chako akaweka pistoni na ringi mpya, umerudi darasa la kwanza. Injini iliyofanyiwa ukarabati huo ni mpya kwa maana hii hii ninayoizungumza. Usiichukue asubuhi gereji na jioni ukaipakia vitunguu kwenda nayo mjini. Muulize fundi wako: nirudi baada ya kilomita ngapi kumwaga oili? Fundi asiye na jibu la swali hilo, mwogope.

Na wale wenye mashine za kupulizia za viharusi viwili, zenu oili inachanganywa kwenye petroli. Kama kitabu kinasema 25 kwa 1, ni mililita 40 kwa lita moja ya petroli. Kama ni 50 kwa 1, ni mililita 20. Pima kwa chombo chenye alama. Jicho halipimi oili.

Hesabu ya biashara

Mnaniambia ninyi ni wakulima wa biashara, basi tuhesabu kibiashara. Injini ya aina ile inachukua kama lita 0.6 za oili. Gharama ya kuimwaga mara ya kwanza ni chini ya lita moja ya oili. Hata bei ya nyanya ikiwa mbovu kiasi gani, matenga machache yanakulipa. Upande wa pili wa mizani kuna pampu nzima, vibarua wa ndoo, maua yaliyopukutika, na marejesho ya mkopo ambayo hayajui kama mashine imekufa.

Mkopo ndiyo unaoniumiza zaidi. Vikundi vingi vya vijana vinanunua mashine kwa fedha za asilimia 10 za halmashauri, ambazo asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Zinarejeshwa ili kikundi kingine nacho kipate. Mashine ya kikundi ikifa msimu wa kwanza, aliyeumia siyo ninyi peke yenu. Yuko kijana mwingine anayesubiri zamu yake.

Mashine ya kikundi ina hatari nyingine pia: kila mtu anaiwasha, hakuna anayeangalia oili. Maoni yangu ni kwamba saa 20 za kwanza mashine ikabidhiwe mtu mmoja tu. Jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Yeye ndiye anaiwasha, anapima oili kila asubuhi injini ikiwa baridi, anajaza karatasi ya saa. Baada ya hapo ndipo izunguke kwa wanachama. Mtasema nawafunga mikono. Sawa, bora mnilaumu kwa siku tano.

Kwa upande wangu nimeanza kujirekebisha. Sasa kijana akiniambia anakwenda Kariakoo, namwambia aongeze kwenye orodha chupa mbili za oili zenye lakiri, moja ya kuanzia na moja ya kubadilisha. Na ukurasa wa mashine upo kwenye daftari langu, kabla ya ukurasa wa mbolea.

Yule kijana wa Ruvu alinunua pampu nyingine mwezi uliopita. Safari hii alinipigia akiwa bado dukani. Nilisikia nyuma yake muuzaji anasema, "Bosi, niivute uisikie?" Naye akajibu, "Hapana kaka, weka oili kwanza, na niletee ndoo ya maji."

Nikakata simu, nikaendelea na kazi zangu.